Hapana ya msichana si bei ya kwanza

Shangazi yetu aliuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na nasaha zake nyingi alizitoa akiwa ameinamia ungo. Dada yangu alipofikisha miaka 14, nilimsikia akimwambia, huku vidole vikichambua mchanga na vijiti, kwamba mchuuzi anayekubali bei ya kwanza humfanya mteja aushuku mzigo, na kwamba msichana naye ni hivyo hivyo: hata kama moyo umeshakubali, kinywa kikatae kwanza, tena zaidi ya mara moja. Mimi sikuitwa kwenye mazungumzo hayo. Mafunzo yangu niliyapata kwa kaka wakubwa waliobarizi jioni juu ya majabali ya Mabatini, nao walitufundisha kwamba msichana akisema hapana, mwanaume hakati tamaa, bali anaongeza dau.

Nilikaa miaka mingi, tena mbali na Mwanza, kabla sijaziweka nasaha hizo mbili pamoja na kuona zinavyolishana. Binti hufundishwa kukataa hata anachokitaka, na kijana hufundishwa kutoamini anachokisikia. Kisha anatokea binti ambaye kweli hataki, naye anakuta neno pekee alilokuwa nalo limeshachakaa kwa kutumiwa kama adabu. Akipaza sauti, huitwa mkorofi. Akinyamaza, huhesabiwa amekubali.

Simlaumu sana shangazi. Alikulia katika familia zilizopanga mahari kwa ng'ombe, na alijua msichana aliyesemwa vibaya kijijini angeshushiwa idadi yao. Isitoshe, sisi Wasukuma tulikuwa na desturi ya chagulaga, ambapo vijana humzingira msichana na kumtaka achague mmoja wao. Wazee wakiisimulia hucheka na kusema kwamba mwenye uamuzi alikuwa yeye. Ninachojiuliza ni kama aliweza kuwakataa wote na kuendelea na safari yake ya kisimani. Hata sheria iliwagawa vijana: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtaka mvulana awe na miaka 18, lakini ikamruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hadi Mahakama Kuu ilipoyakataa masharti hayo mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Hapa Göteborg, Sweden, ninapoishi, elimu ya jinsia imekuwa ya lazima shuleni tangu mwaka 1955, na tangu mwaka 2022 mitaala inataja waziwazi suala la ridhaa. Sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2018 inasema kwamba tendo lisilo la hiari ya mtu ni kosa, hata pasipokuwa na nguvu wala vitisho. Binti yangu hukaa darasa moja na wavulana wakijadili mambo haya, na jambo hilo ndilo ninalolionea wivu kuliko sheria yenyewe, kwa kuwa wote wanasikia maneno yaleyale, siku ileile, kutoka kwa mwalimu yuleyule.

Lakini nisiwapambe Waswidi kupita kiasi. Binti yangu alipokuwa mdogo, mvulana mmoja alikuwa akimvuta nywele kila siku, na mama mmoja, Mswidi kabisa, akamtuliza kwa kumwambia kwamba mvulana akikuchokoza ujue anakupenda. Nilihisi nimerudi Mwaloni, ila harufu ya dagaa haikuwepo. Na siku hizi simu yake humletea video za wasichana wanaofundishana wasijibu ujumbe upesi, wasije wakaonekana rahisi.

Mwezi uliopita mpwa wangu wa Pasiansi, aliye kidato cha tatu, alinitumia ujumbe.

"Shikamoo mjomba. Kuna binti nimemwambia mara tatu, anasema nimwache. Washkaji wanasema nikaze. Nifanyeje?"

"Marahaba. Amekwambia umwache?"

"Ndiyo."

"Basi mwache."

Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaandika, "Lakini mjomba, si wote huanza hivyo?"

Nilimpigia mama yake, dada yangu yule yule wa kwenye ungo, nikamwomba amwambie kijana alichofundishwa yeye mwenyewe akiwa na miaka 14, ili ajue hapana nyingine zinatoka wapi. Nikamwomba pia ampe mdogo wa kike wa kijana huyo ruhusa ya kusema ndiyo au hapana kwa maana yake halisi. La kwanza alilikubali bila shida. La pili alicheka.

"Kaka, wewe uko Ulaya. Huku akikubali mara moja watasemaje?"

Nikamuuliza ni akina nani hao watakaosema. Akanitajia majirani, akamtaja shangazi, ambaye bado yupo na bado ana ungo wake, kisha akanyamaza kidogo na kusema, "Na mimi pia, kusema kweli."

Tumekubaliana kulizungumza nikija Desemba, na kijana awepo.