MiniDisc ilikuwa kali kuliko MP3, sasa kwa nini ilikufa?

Watu wakibishana kaseti, CD au MP3 ipi bora, MiniDisc, kile kisahani kidogo cha Sony cha kurekodi muziki, hakuna anayeitaja kabisa, na mimi naona yenyewe ndo inatufundisha zaidi.

Kaseti tunaijua tuliokulia na redio kaseti, mkanda ukiliwa unauvuta taratibu unaurudisha kwa kalamu ya biki. Ila ilikuwa inarekodi! Kaseti tupu ya dakika 60 unarekodi taarabu redioni, unarekodi harusi ya dada, jirani anaazima anajirekodia na yeye, ingawa kila nakala ya nakala mvumo unazidi. CD ikaja na sauti safi lakini sio ya kutembea nayo, Discman za mwanzo, zile mashine ndogo za Sony za kusikilizia CD, ukipanda nazo gari kwenye barabara ya vumbi zinaruka tu.

1992 Sony wakatoa MiniDisc. Kisahani cha sentimita 6 na kitu ndani ya kasha la plastiki kwa hiyo hakikwaruziki ovyo, dakika 74, unafuta unarekodi tena bila sauti kuchoka, wimbo wa tano unauhamisha uwe wa kwanza, na mashine inasoma muziki mapema inautunza kwenye memori sekunde kadhaa ndo maana ukitikisika hairuki. Waandishi wa redio waliipenda sana kwa mahojiano. Linganisha na Rio PMP300 ya 1998, mashine ya mfukoni ya kupiga MP3, MB 32 tu, na MP3 ya kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 1 kwa dakika, yaani nusu saa ya muziki umemaliza, halafu matoazi yanasikika kama yamelowa maji. Hapo MiniDisc inashinda bila ubishi.

Kilichoiua naona ni kufuli. Sony walikuwa na kampuni ya muziki pia, wakaogopa watu kunakili, so nakala ya kidijitali ni mara moja tu, nakala ya nakala inakataa. Hata NetMD ya 2001, yaani MiniDisc ya kuunganisha na kompyuta kwa USB, nyimbo za kompyuta zinaingia ila ulichorekodi mwenyewe kwa maiki hakitoki kwa waya ule, inabidi ukipige mwanzo mpaka mwisho huku kompyuta inarekodi upya kupitia tundu la hedifoni. Mahojiano ya saa moja, saa moja nzima! Mwaka huohuo iPod ikaja na GB 5, nyimbo kama 1,000.

Wenye kutetea kufuli wana hoja, siikatai. MP3 ni faili tu halina mlinzi, na huku kwetu wasanii wameumia, mtu anaenda kibandani anajaziwa memori kadi nyimbo mia kwa hela ndogo na mwimbaji hapati hata senti. Hilo linaniuma kweli. Lakini kumzuia mtu asitoe sauti ya bibi yake aliyoirekodi mwenyewe kulimlinda msanii gani?

Sony walikuja kulegeza, mashine yao ya MiniDisc ya MZ-RH1 ya 2006 ndo ikaweza kutoa rekodi za zamani kwa USB, miaka 14 imepita tangu MiniDisc itoke na watu washahama, 2013 wakaacha kutengeneza mashine zake. Mpaka leo wenye visahani vya zamani wanaitafuta hiyo RH1 iliyotumika, kwa sababu sauti zao bado zimo ndani ya visahani hivyo.