Wasifu wa Frank Knox una siku moja inayorukwa

Kinachoniudhi katika simulizi fupi za Frank Knox ni kwamba zote zinapita njia ileile. Alipigana Cuba mwaka 1898 chini ya Theodore Roosevelt, akaendesha magazeti Michigan na New Hampshire, akasimamia yale ya tajiri wa magazeti William Randolph Hearst, na mwaka 1931 akawa mchapishaji wa Chicago Daily News. Mwaka 1936 aligombea umakamu wa rais pamoja na Alf Landon, wakaambulia majimbo mawili tu, Maine na Vermont. Julai 1940 Rais Franklin Roosevelt, yuleyule aliyempinga, akamkabidhi Wizara ya Jeshi la Majini. Moyo ukamshinda Aprili 28, 1944, akazikwa Arlington, makaburi ya kitaifa ya wanajeshi. Basi, wanafunga daftari.

Desemba 15, 1941 wameiacha wapi?

Siku hiyo Knox alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini huko Hawaii ambacho Japani ilikishambulia Desemba 7. Mbele ya waandishi alikiri kwamba majeshi ya Marekani huko hayakuwa macho. Kwa hilo nampa haki yake, maana ni waziri gani hupenda kusema hivyo kuhusu wizara yake? Lakini hapohapo akadai kwamba, ukiacha labda Norway iliyovamiwa na Ujerumani mwaka 1940, hakuna mahali wasaliti wa ndani walikofanya kazi kubwa katika vita ile kuliko Hawaii.

Mhariri yeyote angeirudisha habari hiyo mezani. Nani ameona? Nani amekamatwa? Wanaotuhumiwa wameulizwa? Ziara ilikuwa fupi, na visiwa vilijaa uvumi, kama ule wa mishale iliyokatwa kwenye mashamba ya miwa ili kuwaonyesha marubani njia. Hujuma hizo hazikuthibitishwa. Upelelezi ulikuwepo, sikatai: Takeo Yoshikawa alikuwa akihesabu meli bandarini huku akijificha kwa jina bandia katika ubalozi mdogo wa Japani, Honolulu. Ila huyo alitumwa na Tokyo. Katika wakazi wa Hawaii wenye asili ya Kijapani, hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa hujuma. Mkazi aliyehukumiwa kwa ujasusi alikuwa Mjerumani, Otto Kuehn.

Kauli ya waziri huchapwa kama ilivyotoka, na mtu aliyeishi katika vyumba vya habari alilijua hilo kuliko mawaziri wenzake wote. Ilichapwa. Februari 19, 1942 Roosevelt akatia saini amri namba 9066, na watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia, wakaondolewa pwani ya magharibi na kufungiwa kambini. Knox hakuianzisha chuki hiyo. California ilikuwa nayo tangu zamani. Yeye aliipa muhuri wa serikali.

Na kule Hawaii kwenyewe? Jenerali Delos Emmons, kamanda wa jeshi visiwani, alipinga kuwahamisha kwa wingi wenye asili ya Kijapani, kwa kuwa walikuwa zaidi ya theluthi ya wakazi na kazi za visiwa ziliwategemea. Knox aliendelea kushinikiza waondolewe Oahu, kisiwa chenye Pearl Harbor.



Mwaka 1988 Marekani iliomba radhi kwa sheria na kuwapa waliofungiwa ambao walikuwa bado hai dola 20,000 kila mmoja. Wanaoandika wasifu wa Knox waongeze mstari huo, palepale baada ya Arlington.