Kesi ya Chumvi, Katwe

Mjomba wangu ana sumaku. Aliitoa kwenye spika iliyokufa, akaifunga kamba, na tangu hapo hakuna kitu kinachoingia kibandani kwetu bila kupimwa. Amepima majiko, amepima vitasa, amepima hata bangili za mkaza mjomba, na siku ile tulilala njaa sote, mimi nikiwemo, ambaye sikugusa bangili ya mtu.

Kibanda chetu kiko Katwe ya Kampala, kwa mafundi wa vyuma, mahali ambapo ukiacha mlango wa lori asubuhi utaukuta jioni umekuwa jiko. Mjomba alifika hapa zamani akiwa turniboi wa malori ya Mombasa, akaoa, akabaki, na Kiswahili chake hakukiacha njiani. Kazi yake ni kununua chuma chakavu kwa kilo na kukiuza kwa maneno.

Sasa, Ijumaa moja, Mjomba katoka msikitini na kanzu yake nyeupe, akaja kijana kutoka soko la Kisekka na valvu nane zimefungwa kwenye gazeti, vile vijiti vya injini vyenye shina refu na kichwa bapa, vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi. Zilitoka kwenye injini ya 4G63, ile ya Mitsubishi Evo, na Kampala nzima inajua Evo ni gari la rali. Kijana akatazama kulia, akatazama kushoto, akanong'ona, "Mzee, hizi ni za mashindano. Hiki si chuma. Hii ni titaniamu."

Wala hakuokota neno hilo jalalani. Titaniamu, metali nyepesi na ghali, imo kweli kwenye injini za kasi. Honda waliweka konrodi, yaani mikono ya kushikia pistoni, za titaniamu kwenye NSX ya mwaka 1990, na Corvette Z06 ya mwaka 2006 ilikuja na valvu za kuingizia hewa za titaniamu. Sentimita moja ya ujazo ya titaniamu ina gramu 4.5, wakati ya chuma inakaribia 7.8. Valvu ikiwa nyepesi, springi haipati taabu kuirudisha, na injini inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi bila valvu kuchelewa kufunga. Kwa hiyo kijana alisema kweli tupu, ila kuhusu valvu nyingine.

Mjomba akatoa sumaku. Akaipitisha kwenye kichwa cha valvu. Haikushika. Akashusha pumzi, macho yakaanza kuhesabu pesa. Akaiteremsha hadi ncha ya shina. Tak! Ikashika.

"Nusu titaniamu, nusu msumari," akasema jirani yetu mchomeleaji, ambaye hakuulizwa.

Sumaku haikudanganya hata mara moja, na hapo ndipo penye utamu. Kichwa cha valvu ya ekzosi, yaani ya kutolea moshi kama hizi zetu, kinakaa ndani ya moto, kwa hiyo mara nyingi hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na kromiamu nyingi, manganizi na nikeli, na chuma cha namna hiyo sumaku haikishiki. Ncha ya shina hupigwa kila valvu inapofunguliwa, kwa hiyo huungwa chuma kingine kigumu, ambacho sumaku inakipenda. Lakini ukimweleza mtu aliyekwisha kununua habari hizi, unaonekana una wivu.

"Tupime uzito," Mjomba akaamuru.

Nikatumwa nyumbani kuleta mizani na jagi la kupimia, lile la plastiki ambalo mkaza mjomba hupimia maziwa ya keki. Niliambiwa nilichukue bila kelele. Tukapima valvu zote nane, tukazitumbukiza kwenye maji, tukasoma maji yalivyopanda, tukagawanya. Tukapata sita na kitu.

Chuma ni 7.8. Titaniamu ni 4.5. Sita ni nini? Mafundi waliokuwa wamekusanyika wakagawanyika vyama viwili. Wa kwanza wakasema jagi la keki halina heshima ya kupima injini. Wa pili, wakiongozwa na Mjomba, wakasema wazi kabisa kwamba ni mchanganyiko, na mchanganyiko ndio ghali zaidi. Hakuna aliyewaza kwamba huenda ndani kuna shimo.

Ikabaki grainda. Titaniamu ukiigusisha kwenye jiwe la grainda hutoa cheche nyeupe, kali, za kuumiza macho. Zetu zilitoka chache, fupi, rangi ya machungwa.

"Umeme leo mdogo," Mjomba akasema.

Akapiga simu kwa mnunuzi wa Nairobi. Mnunuzi, mtu mwenye akili, akasema hanunui kitu ambacho hajaona moyo wake. Basi Mjomba akaishika valvu moja kwa koleo, akakata shina. Diski ikapiga kelele, harufu ikatoka, moshi mweupe kidogo, na pale kwenye mkato kikachungulia kitu laini kinachong'aa.

"Fedha!" Mjomba akapaza sauti. "Wamejaza fedha ndani!"

Na kwa kuwa ilikuwa ya moto, akaitia kwenye jagi ipoe.

Nilichosikia kwanza ni "fyuuu", halafu mlio. Jagi likapasuka, moto wa njano ukawaka na kuzimika, maji yakapanda hadi kwenye bati na kurudi yote juu ya kanzu. Chama cha kwanza na chama cha pili vikaungana kwenye mlango mmoja. Mama wa chapati ng'ambo alipiga kelele "Banange!" akatupa mwiko.

Katwe mlio haufiki mbali na jina lake la kwanza. Ulipofika barabarani ulikuwa tairi la lori. Ulipofika kituo cha polisi ulikuwa bomu.

Kabla ya polisi alifika fundi mzee wa injini, mtu wa magari ya rali, akatuosha Mjomba na mimi kwa maji mengi kama watoto wachanga, maana maji ya jagi yalikuwa yakiteleza mikononi: yalikwisha kuwa kostiki soda, ile ya kupikia sabuni. Afande naye akaingia, daftari mkononi.

"Nani amepiga bomu hapa?"

Fundi akaeleza kwa upole. "Afande, si bomu. Valvu hizi zina uwazi ndani, zimetiwa sodiamu, metali laini. Injini ikipata moto, sodiamu inayeyuka, nyuzi 98 tu, inaruka juu na chini ndani ya shina na kutoa joto kichwani. Ikikutana na maji, inalipuka."

Afande akaacha kuandika. Mjomba, akitaka kurahisisha mambo, akaingilia. "Sodiamu ndiyo ile ile ya kwenye chumvi, Afande."

"Chumvi?" Afande akamtazama, kanzu inachuruzika. "Mzee, mimi natoka Katwe. Si hii. Katwe ya Kasese, kwenye ziwa la chumvi. Babu yangu amechimba chumvi, baba yangu amechimba chumvi, mimi nimesomeshwa na chumvi. Imekaa kwenye maji miaka yote. Sijasikia imelipuka!"

Fundi akajaribu kufafanua kwamba sodiamu ikishafungana na klorini inatulia. Afande akasema basi wangeifunga kabla ya kuileta mjini. Akaandika alichoandika, akachukua vipande viwili vya valvu kuwa ushahidi, akaondoka.

Fundi akazigeuza zile saba zilizobaki. "Nane nzima za Evo," akasema, "watu wa rali wangezinunua leo hii, bila kuuliza ni chuma gani. Saba, sijui nani atazitaka."

Mjomba akakusanya kanzu, akatoka mbio. "Afande! Afande! Hiyo ya nane!"

"Mwambie imekatika," fundi akaniambia.

Nikamwonyesha upande wa pili wa barabara, ambako mkaza mjomba alikuwa anakuja, mkono mmoja kiunoni, anauliza watu kama wameona jagi lake. Tukaona afadhali aendelee kukimbia.