Njia nne, halafu naambiwa diski imekufa?

Jamani, hivi ni mimi peke yangu? Seva yetu ya Linux ina njia nne za kuifikia diski iliyo kwenye hifadhi. Nne! Kebo ikichomoka, kusoma na kuandika kwa kawaida kunahamia njia nyingine kimyakimya, wala hushtuki. Lakini amri ya SCSI (lugha ya kuongea na diski) ambayo programu inaituma yenyewe moja kwa moja, kwa mlango wa Linux uitwao SG_IO? Thubutu! Linux inaitupa kwenye njia moja. Ikifa njiani, programu inarushiwa kosa usoni, ijitegemee. Na zile tatu nzima? Zinakodoa macho tu, kama wageni harusini. Saa nane usiku mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) iliyotuma amri hiyo imeganda, nimevaa kanga, bosi hewani: "Si ulisema tuna njia nne?" Nimjibu nini, wenzangu?