Vema ya wino mwekundu

Jana usiku napitia daftari la binti yangu, nakutana na swali: majira ya mwaka husababishwa na nini? Kajibu: "Dunia ikikaribia jua tunapata kiangazi, ikienda mbali tunapata kipupwe." Kapigiwa vema, na pembeni wino mwekundu: Vizuri sana.

Vizuri sana kitu gani?

Kinachoniuma ni kwamba uongo huu, kwa sisi wa Dar, unakubali kabisa. Mwanzoni mwa Januari dunia kweli iko karibu na jua kuliko siku zote, kama kilomita milioni 147, na sisi hatulali bila feni. Mwanzoni mwa Julai iko milioni 152, na alfajiri tunatafuta sweta. Mtoto akichungulia dirishani anaona mwalimu kasema kweli tupu. Haya, ampigie shangazi yake wa London Januari hiyohiyo amuulize kama kawasha feni. Jua si ndilo hilo? Na umbali si ndio huo?

Sawa, umbali nao una chake: Januari dunia inapata mwanga zaidi ya Julai kwa kama asilimia 7. Lakini wa London bado anatetemeka.

Kazi yote ni ya mwinamo. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.5, na inazunguka jua hivyohivyo mwaka mzima, mara huku kusini ndiko kumelielekea jua, mara kaskazini. Nikachoma chungwa kwa kijiti cha mshikaki, nikawasha tochi ya simu. Katikati ya chungwa mwanga ukawa duara dogo, kali. Kule juu ukatandazika, ukafifia.

"Kumbe kama jua la jioni?"

Ndiyo mama, kama hilohilo.

Halafu watu wa pwani ndio wa kudanganywa haya! Juni jua likiwa kaskazini, bara la Asia linachemka, linavuta upepo: ndiyo kusi hiyo. Desemba mambo yanageuka, inavuma kaskazi, iliyoteremsha majahazi ya Oman na Gujarat karne na karne. Hata kivuli chako cha adhuhuri hapo uani, Juni kinaangukia kusini, Desemba kaskazini. Umbali gani unageuza kivuli?

Binti kachukua ufutio, kaurudisha. Akamenya chungwa, akaniuliza kwenye mtihani aandike lipi.