Geko chui: rangi unaiona, jeni unaambiwa

Geko chui dume, mjusi mdogo wa kufugwa, amehamia kwa mfugaji wa pili bila karatasi yoyote. Mgongo ni wa manjano iliyopauka, mkia una mabaka ya kahawia hafifu, hana doa jeusi hata moja. Ukimmulika, jicho linang'aa kama fedha, na vishipa vyekundu vimetambaa pembezoni. Mfugaji anauliza: huyu ni mofu gani, yaani aina gani ya rangi? Atajibiwa mara mbili. Wa kwanza atampa jina papo hapo, Tremper albino. Wa pili atasema pasipo rekodi ya wazazi hakuna jina. Mimi niko karibu zaidi na huyu wa pili, ingawa wa kwanza naye ana haki kuliko anavyopewa.

Jicho kweli huona mengi. Geko chui wa kawaida, kama wale wa Pakistani na Afghanistani walikotoka wazee wa hawa tunaowafuga, ana madoa meusi juu ya manjano. Weusi ukikosekana kabisa na mahali pake pakawa na kahawia au waridi, huyo ni albino, wala hahitaji karatasi. Super Snow naye hujitaja mwenyewe: mwili mweupe, vidoa vyeusi vilivyopangika mistari, macho meusi tii. Na kwa Tangerine, ile rangi ya chungwa iliyokolea, jicho ndilo hakimu halali. Rangi hiyo haitokani na jeni moja bali nyingi, zimekusanywa kwa kuchagua vizazi na vizazi, kwa hiyo jina linaeleza kinachoonekana tu. Kumdai mtu cheti cha uchungwa ni kumsumbua bure.

Tatizo linaanza pale jina linapodai zaidi ya rangi. Ualbino wa geko chui una koo tatu: Tremper, Rainwater na Bell. Kila mmoja ni jeni ya kujificha, yaani haionekani mpaka mtoto airithi kwa baba na kwa mama. Na hizi si jeni moja yenye majina matatu. Mpandishe Tremper na Bell, wazazi wote wawili albino, na watoto watatoka na madoa meusi kama kawaida, kila mmoja amebeba jeni zote mbili kimyakimya. Watauzwa kama geko wa kawaida. Vizazi viwili mbele anazuka albino katika uzao ambao hakuna aliyemtarajia, na hakuna wa kusema ni wa ukoo gani.

Wanaotambua kwa macho husema Bell ana jicho jekundu zaidi na Tremper jicho la fedha. Kwa wastani ni kweli, lakini wastani haukai kwenye kizimba. Picha ya simu chini ya taa ya manjano huligeuza jicho la fedha kuwa la waridi, na rangi ya mwili huhama na umri. Mtoto wa geko chui huanguliwa na mikanda, ambayo huvunjika na kuwa madoa anapokua. Mofu iitwayo Mack Snow huanza na nyeusi na nyeupe, kisha manjano humnyemelea taratibu. Joto la kutotolesha nalo lina mkono wake. Mayai yaliyokaa kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi hutoa majike kwa wingi, na watoto wake huelekea kuwa na rangi nzito zaidi ya wale wa nyuzi 32, ambako madume huongezeka. Albino wa joto la chini anaweza kuwa kahawia kama chokoleti, ilhali jeni ni zilezile za ndugu yake mpauko.

Halafu kuna heti, yule anayebeba jeni bila kuionyesha. Hapa jicho halina neno kabisa. Heti wa albino anafanana na geko wa kawaida doa kwa doa, na anayedai kumtambua kwa "mng'ao fulani" anakuuzia mng'ao. Hata "heti kwa asilimia 66" inaeleweka vibaya. Ukipandisha heti wawili, robo ya watoto wanatarajiwa kuwa albino. Kati ya waliobaki wenye sura ya kawaida, wawili katika kila watatu wamebeba jeni. Asilimia hiyo inapima kutojua kwetu, kwani geko mwenyewe ama anayo ama hana.

Njia ya uhakika ya kumjua heti ni kumpandisha na albino wa ukoo unaojulikana. Akitoka mtoto albino mmoja tu, kesi imekwisha. Wasipotoka, subira inahitajika: jike hutaga mayai mawili kwa mkupuo, na hata mzazi akiwa heti kweli, bado kuna nafasi moja katika 64 kwamba watoto sita mfululizo watatoka na sura ya kawaida. Lakini hao sita nao wanataka vizimba, taa na watu wa kuwachukua. Kuzalisha viumbe ili kujibu udadisi wa mwenye kipenzi kimoja naona ni ghali mno, na hapo watu wa karatasi hukaza kamba kupita kiasi.

Ila kuna majina ambayo hata mwenye kipenzi kimoja anapaswa kuyajali. Enigma, jeni tawala (huonekana hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu) yenye madoa yaliyomwagika ovyo, huja na hitilafu ya neva: geko huzunguka mduara, hupinda kichwa, hukosa windo lililo mbele ya pua. Lemon Frost ni zito zaidi. Utafiti uliochapishwa 2021 uliihusisha rangi hiyo na jeni ya SPINT1, na zaidi ya asilimia 80 ya geko hao hupata uvimbe wa seli za rangi nyeupe. Kwa majina haya naugeuza mzigo wa ushahidi. Jina linalopandisha bei lidaiwe karatasi. Linaloonya kuhusu ugonjwa, shaka yatosha kumtoa geko kwenye uzalishaji na kumpeleka kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia.

Yule dume wa jicho la fedha, basi, kadi ya kizimba chake ningeiandika hivi: "Albino, ukoo haujathibitishwa, huenda Tremper. Heti: haijulikani. Asipandishwe." Hilo neno "huenda" lisifutwe siku atakapohamia kwa mfugaji wa tatu.