Msizibe kibaraza cha duka

Juzi mvua ilinikuta Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, saa tisa alasiri, ile mvua ya ziwani isiyopiga hodi. Nikakimbilia chini ya kibaraza cha duka la zamani. Tulibanana pale: wanafunzi, mama mwenye beseni la omena, kijana wa bodaboda aliyeiacha pikipiki yake inyeshewe. Fundi cherehani hata macho hakuinua, alitugombeza tu tusimzibie mwanga. Ng'ambo ya pili, mbele ya ghorofa jipya la vioo, hapakuwa na mtu. Hakuna aliyefukuzwa. Hapakuwa na pa kusimama.

Maduka haya ni watoto wa reli. Ilipofika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, wafanyabiashara wa Kihindi walikuja nayo, Allidina Visram akiwa mashuhuri kuliko wote. Walianza na mabati, mawe yakaja baadaye. Kila mmoja alitaka mlango unaotazama barabara, kwa hiyo majengo yakawa membamba kwa mbele na marefu kwenda nyuma: duka, kisha stoo, kisha ua wa kupikia na kuanikia nguo. Familia ililala nyuma au ghorofani. Majirani walitumia ukuta mmoja, jua likabaki kuchoma mbele na nyuma tu. Dari iko juu, na matundu yaliyo karibu na paa hutoa joto. Ingia mojawapo saa saba mchana uone kama utaulizia feni.

Lakini kwangu mimi utamu wote uko kwenye kibaraza. Kule Singapore, ambako nyumba za namna hii ni nyingi, Stamford Raffles, Mwingereza aliyeuasisi mji ule wa kikoloni, aliagiza mwaka 1822 kwamba majengo ya mjini yawe na njia ya miguu iliyoezekwa, inayounganika kutoka mlango hadi mlango. Ikaja kuitwa njia ya futi tano. Yaani kivuli hakikuachiwa ukarimu wa mwenye duka, kiliandikwa kwenye mpango wa mji. Tangu 1989 wenzetu wale wanahifadhi mitaa mizima ya maduka hayo, na watu bado wanauza na kula mle ndani.

Najua kuna wasiotaka kusikia habari ya kuyahifadhi haya yetu, na wana sababu. Mji wa mkoloni ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Bibi yangu alikuja hapa kununua chumvi na kitambaa, akarudi kwao kabla ya giza. Sina machozi ya kumlilia mkoloni. Ila kibaraza hatukukiacha kama tulivyokikuta. Fundi cherehani alikichukua, muuza magazeti akafuata, mpiga kiwi naye akaweka kiti chake, na leo hakuna anayebisha kwamba ni chao.

Mwenye jengo naye simlaumu sana. Mbao zinaliwa na mchwa, paa linavuja, na kiwanja chenyewe kina bei kuliko nyumba iliyo juu yake. Mmoja alinieleza bila haya kwamba kila futi ya mbele ni kodi, ndiyo maana ameweka vyuma akageuza kibaraza kuwa kibanda cha M-Pesa. Mpita njia sasa anateremka barabarani kupigana vikumbo na tuktuk.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo kutangazwa turathi. Sawa, na yatangazwe yanayostahili. Ila mimi ningeridhika na jambo dogo kuliko hilo: kaunti iweke sharti moja tu, kwamba anayejenga katikati ya mji aache mbele njia iliyoezekwa, iungane na ya jirani, na asiizibe. Ajenge kwa vioo akitaka, hata ghorofa kumi.

Mvua ile ilichukua karibu saa nzima. Fundi alikuwa ameshaona kamba ya mkoba wangu imefumuka. "Lete hapa, ndugu yangu, mvua hii bado ndefu," akasema. Akanitoza shilingi hamsini.